Onyo Sifuri: Tunasifu Nini Hasa?

Ndugu zangu wa chama, wakubwa na wadogo, leo mnivumilie. Mnanijua mimi ni mutu ya mashamba. Licence yangu ni ya agronomia, na kwenye ukurasa huu mmenizoea nikiongea juu ya chenille légionnaire na bei ya angré. Leo nataka kukosoa kazi ya watu wa informatique, tena kazi ambayo kila mtu anaipigia makofi. Wenye fani watanisahihisha. Lakini nitaongea tu, kwa sababu jambo hili liliingia mpaka ndani ya mahindi yangu.

Wiki mbili zilizopita, mudogo mmoja tunayekaa naye jirani hapa Base alifika kwangu anakimbia, telefone mkononi. Anasoma informatique kule mjini Kamina, na mwisho wa juma anarudi huku. “Yaya, ona! Banakubali kiraka yangu!”

Kiraka ni lile badiliko dogo ambalo mtu yeyote anaweza kupendekeza kwenye programu huria, ile ambayo maandishi yake yako wazi kwa wote kuyasoma na kuyarekebisha. Programu yenyewe ni ya mfumo, ya aina inayofanya kazi chini kwa chini, haina dirisha, haina picha. Ilikuwa inatoa maonyo 14 kila inapojengwa. Mudogo alifanya kazi siku nne, usiku, umeme ukiwepo, na maonyo yakabaki 0. Msimamizi wa mradi, mtu wa mbali ambaye hajawahi kusikia jina la Haut-Lomami, akamshukuru na kukipokea. Hapa kwetu mlimpongeza. Mimi pia niliweka alama ya makofi.

Kisha nikaomba nikisome kile kiraka.

Kwa wale ambao hawajawahi kuandika programu, nieleze kidogo. Mtunga programu anaandika msimbo kwa lugha kama C. Kuna programu nyingine, kompaila (GCC na Clang njo zinajulikana zaidi), ambayo inausoma ule msimbo na kuugeuza uwe lugha ya mashine. Ikikuta kosa la sarufi inasimama: hapana, sijengi. Lakini ikikuta kitu ambacho sarufi yake ni sawa na maana yake inatia shaka, inajenga, halafu inaacha onyo. Kama fundi anayekumalizia nyumba na kukuambia mlangoni, “Mimi nimejenga vile ulisema, lakini ile nguzo ya kushoto, uiangalie.” Nyumba inasimama. Unaweza kulala humo miaka kumi.

Maonyo yakiwa mengi, watu hawayasomi tena. Programu ya zamani inaweza kutoa mamia ya mistari ya namna hiyo kila siku, na onyo moja la maana likizaliwa katikati yake, nani ataliona? Kwa hiyo kusafisha ni kazi ya kweli, na sitaki mtu aondoke hapa akisema yaya amepinga usafi. Mimi nauliza juu ya mkono unaosafisha: ulisoma kwanza, ama ulifuta tu?

Sasa niwapeleke kwenye shamba.

Mwaka jana, msimu wa mvua, tulikuwa watu watano tunafanya uchunguzi wa mahindi kwenye vijiji vya kuzunguka Base. Kazi ilikuwa ya shirika moja. Jina lake silitaji. Kila mmoja alikuwa na kinga yake na telefone yenye fomu. Unafika shambani, unachagua mistari, unahesabu mimea iliyoliwa, unafungua koni ya majani, unaandika kama kuna kiwavi, kikubwa ao kidogo, mahindi yana majani mangapi. Jioni unarudi Base, telefone inatuma fomu kwa njia ya Wi-Fi kwenye kompyuta ndogo, ile ya ukubwa wa pakiti ya sigara, iliyofungwa ukutani na kadi ya kumbukumbu ya giga 16. Juu yake kulikuwa na Linux na programu huria ndogo ya kupokea mafomu. Fomu ikipokelewa, telefone inapata jibu “sawa”, kisha inafuta nakala yake ili isijae.

Mwezi wa pili, kwenye kuchambua, tukakuta fomu 61 tupu. Majina ya faili yapo, tarehe zipo, saa zipo. Ndani: baiti 0. Zote za siku tatu, na nyingi zilitoka kwenye telefone moja, ya mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili. Siku hizo tatu yeye njo alikuwa ametembea sana, vijiji viwili vya mbali. Wengine wetu mvua ilituzuia.

Mnajua kilichofuata. Mkubwa wa mradi akasema, “Huyu alikaa nyumbani, akatuma fomu tupu ili ahesabiwe siku zake.” Mimi nilikuwepo. Sikusema kitu. Kusema kweli ndani yangu nilifikiri hivyo hivyo: mashine haina sababu ya kudanganya, mtu anayo. Tuliangalia logi, yaani lile daftari ambalo mfumo unaandika humo matukio na makosa yake. Logi haikuwa na hata mstari mmoja uliosema kwamba fomu zilikataliwa. Yule mama akakatwa siku tatu, na mkataba wake haukurudiwa. Yeye aliendelea kusema neno moja tu: “Nilifika. Muulize wenye mashamba.” Hakuna aliyekwenda kuuliza. Mimi nilikwenda baadaye, mwezi wa nne, na wenye mashamba walimkumbuka vizuri; lakini mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Kiwavi huwezi kumhesabu kwenye mabua makavu.

Ni mudogo huyu huyu aliyenisaidia kupata sababu, miezi kadhaa kabla ya kiraka chake. Tulifungua ile kompyuta. Dereva wa Wi-Fi alikuwa na onyo moja analoliandika kwenye logi mara kwa mara, usiku na mchana, onyo lisilo na madhara yoyote. Mstari ule ule, maelfu kwa maelfu. Logi ilinenepa mpaka ikajaza kadi. Na hapa kuna jambo lililonikasirisha nilipolielewa: kwa kawaida mfumo wa faili wa ext4 unaweka akiba asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtawala wa mfumo tu. Logi ilikuwa inaandikwa kwa jina la mtawala. Programu yetu ya mafomu ilikuwa inaandika kwa jina la mtumiaji wa kawaida. Nafasi ya kawaida ilipokwisha, data za shamba zikakataliwa, na kelele za dereva zikaendelea kuandikwa bila shida. Ndiyo maana pia faili zilikuwa na jina bila mwili. Kuandikisha jina la faili ni kitu kidogo, kinapita hata nafasi ikiwa imekwisha. Maneno ya ndani yanahitaji nafasi.

Sawa, diski imejaa. Hilo linatokea kila mahali. Kwa nini basi telefone iliambiwa “sawa”?

Kwenye lugha ya C, ukitaka kuandika kitu kwenye faili unatumia amri inayoitwa write(). Amri hiyo inarudisha jibu: idadi ya baiti zilizoandikwa, ao -1 kama imeshindwa. Ukishindwa, kuna namba ya sababu. Diski iliyojaa ni namba 28, diski mbovu ni namba 5. Ni jukumu la mtunga programu kuangalia lile jibu. Asipoliangalia, kompaila ya GCC kwenye mipangilio mingi ya leo inatoa onyo: umepuuza jibu la write(). Onyo hilo lilikuwepo kwenye programu yetu miaka ya nyuma. Tulifungua historia ya mabadiliko tukalikuta. Halafu siku moja mtu alilisafisha. Vipi? Aliweka kisanduku kisicho na kazi, akatupia jibu ndani yake, basi. Jibu limepokelewa, hakuna anayelisoma, kompaila imenyamaza. Kuna njia fupi zaidi ya kutangaza kwamba jibu hulitaki, lakini kwa maonyo ya aina hii GCC haiikubali, njo maana watu wanabuni visanduku hivi. Unaona: kompaila ilijaribu hata kuzuia ule ujanja, na ujanja ukapata mlango mwingine.

Maelezo aliyoyaandika kwenye historia yalikuwa maneno mawili: kusafisha maonyo. Bila shaka naye alishukuriwa.

Mnaelewa sasa kwa nini nilipofungua kiraka cha mudogo wangu, na kukuta kwenye sehemu mbili kile kisanduku kisicho na kazi, nilinyamaza kwa muda. Ni programu nyingine kabisa. Ujanja ni ule ule. Na alikuwa mtu aliyekaa nami usiku mzima akitafuta kosa lile!

“Yaya, lakini kila mutu anafanyaka vile,” aliniambia. Ni kweli. Na si wadogo peke yao.

Kesi kubwa kuliko zote ninayoijua ni ya Debian. Debian ni familia kubwa ya Linux. Ubuntu, ambayo wengi wenu mnayo kwenye kompyuta zenu, imezaliwa kutoka humo. Ndani yake kuna OpenSSL, programu huria inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano. Ufunguo mzuri unahitaji bahati ya kweli: namba ambazo hakuna anayeweza kuzikisia. OpenSSL ilikuwa inakusanya bahati hiyo kutoka sehemu mbalimbali na kuichanganya kwenye bakuli moja. Mwaka 2006, vifaa vya ukaguzi, Valgrind na Purify (hizi si kompaila, zinaiangalia programu inapotembea, lakini maonyo yake ni ndugu), vikalalamika: hapa unatumia kumbukumbu ambayo haijawekwa thamani. Mtunzaji wa kifurushi hicho upande wa Debian akaona mistari miwili ndiyo inayoleta kelele. Akauliza kwenye orodha ya barua za OpenSSL kama anaweza kuiondoa, hakuna aliyemzuia, akaiondoa.

Kelele ikakwisha. Lakini mmoja kati ya mistari ile ndiyo ulikuwa mkono unaotia bahati kwenye bakuli. Baada ya hapo kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwenye Linux za wakati huo kwa kawaida haikupita 32,768. Fikiria unauza kufuli dunia nzima na aina zote za funguo zinaingia kwenye gunia moja. Kompyuta moja inaweza kuzijaribu zote. Hali hiyo ilidumu tangu Septemba 2006 mpaka tarehe 13 Mei 2008, siku Debian ilipotangaza baada ya Luciano Bello kuligundua. Karibu miaka miwili! Funguo za seva, vyeti vya tovuti, VPN, vyote vilivyotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu za kipindi hicho vikabidi kutupwa na kutengenezwa upya.

Watu wengi waliwahi kumcheka yule mtunzaji. Mimi simcheki. Aliuliza, na wengi wetu hatuulizi. Na ukitazama ule msimbo wa OpenSSL, sehemu moja ilikuwa na maelezo mafupi kwamba kifaa cha ukaguzi kitalalamika hapa. Sehemu ya pili, ile ya hatari, haikuwa nayo. Walioandika walijua kwa nini mstari upo. Wakaondoka na ujuzi wao kichwani. Miaka ikapita, akaja mtu na ufagio.

Kwetu agronomia tuna ugonjwa wa namna hii. Jani la chini la mahindi likianza kuwa njano kutoka ncha kwenda ndani, kwa umbo la V, ni azoti imepungua. Njano ikitembea pembeni mwa jani, fikiria potasiamu. Mwanafunzi wa kwanza anayefika shambani anataka kung'oa majani ya njano ili shamba lipendeze kabla ya profesa kufika. Nimeona kwa macho yangu, na sitasema alikuwa nani (sawa, nilikuwa mimi, mwaka wa kwanza). Shamba lilipendeza siku mbili.

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa. Kuna mfano wa kusafisha ambao mimi nauona ni wa heshima, nao unatoka kwenye kiini cha Linux chenyewe. Kwenye C kuna muundo wa kuchagua njia, switch: kama ni hali ya kwanza fanya hivi, kama ni ya pili fanya vile. Mwisho wa kila njia unapaswa kuweka neno la kusimamisha. Ukilisahau, programu inatiririka kuingia njia inayofuata, kama maji ya mfereji ambao hukufunga mlango wake: yanaingia kwenye kitalu cha jirani. Shida ni kwamba mara nyingine mtunga programu anataka maji yapite. Kwa macho huwezi kujua kama alisahau ama alikusudia. GCC 7, ya mwaka 2017, ikaleta onyo kwa ajili ya hali hiyo, na kiini cha Linux kilikuwa na sehemu za namna hiyo nyingi sana.

Gustavo A. R. Silva na wenzake wakazipitia. Moja moja. Kila sehemu swali lile lile: hapa mlango ulisahauliwa, ao umeachwa wazi kwa makusudi? Kama ulisahauliwa, wanaweka neno la kusimamisha, na hitilafu ya kweli imetibiwa. Walizikuta, zilikuwa zimelala humo kimya. Kama ni makusudi, wanaandika waziwazi kwamba ni makusudi, ili anayekuja nyuma asiulize tena. Kazi ilichukua muda mrefu, na mwaka 2019, kwenye toleo la 5.3, lile onyo likawashwa kwa kiini chote. Baadaye hata maelezo ya kawaida yakabadilishwa kuwa neno rasmi ambalo kompaila yenyewe inalielewa.

Kwa nje, kiraka cha Silva na kiraka cha kisanduku vinafanana: kabla kuna onyo, baada hakuna. Tofauti iko kwenye kitu kilichobaki ndani ya msimbo. Cha kwanza kinamwachia msomaji jibu la swali. Cha pili kinaondoa swali lenyewe, na jibu hakuna.

Na kuna njia ya tatu, ya mkono wa chuma. Septemba 2021 Linus Torvalds mwenyewe alichoka na watu kumletea msimbo wenye maonyo, akaweka -Werror iwe kawaida kwenye kiini: kila onyo ligeuke kosa, lisimamishe ujenzi. Malalamiko yakaja siku zile zile, kwa sababu kompaila ni nyingi, matoleo ni mengi, na kinachonyamaza kwako kinapiga kelele kwa mwingine. Ikabidi alegeze, ibaki kwa majengo ya majaribio. Mimi naelewa hasira yake, lakini naogopa matokeo yake kwa watu wa chini. Ukimwambia mwanafunzi kwamba onyo moja litamkatalia kazi yake, na umeme unaondoka saa tatu, utapata visanduku visivyo na kazi kwa wingi.

(Kando kidogo: msidanganywe na jina la -Wall, ambalo watu wanadhani linawasha maonyo yote. Haliwashi yote. Unahitaji -Wextra, na hata hapo mengine yamebaki. Mwaka 2014 Apple walipatwa na mstari mmoja wa goto uliorudiwa mara mbili kwenye msimbo wao wa usalama, ukaguzi wa cheti ukarukwa. Onyo la kuuona lilikuwepo kwenye Clang, -Wunreachable-code, ila halikuwa ndani ya -Wall. Na GCC inalipokea jina hilo la -Wunreachable-code bila kusema kitu, kisha haifanyi chochote. Adabu ya namna gani hii?)

Nirudi kwenye logi, kwa sababu huko njo tuliumia zaidi.

Kiini cha Linux kina ngazi 8 za ujumbe, kuanzia 0, mfumo unakufa, mpaka 7, maneno ya watunga programu kati yao. Wazo ni zuri sana. Lakini ngazi inachaguliwa na mtu, na kila mtu anaona ujumbe wake ni mkubwa. Dereva wetu wa Wi-Fi alikuwa anaandika upuuzi wake kwenye ngazi ya onyo. Halafu daftari la ndani la kiini ni la mzunguko: likijaa, mistari mipya inafuta ya zamani. Kelele haifichi tu ujumbe wa maana, inaufuta kabisa. Ili kupambana na hilo, mifumo imewekewa kipimo: journald, kwa mfano, kwa kawaida inakubali ujumbe 10,000 kwa sekunde 30 kutoka kwa huduma moja, zaidi ya hapo inakata, na inaandika kwamba imekata ujumbe kadhaa. Hilo nalisifu. Kama utanyamaza, andika kwamba umenyamaza.

Na maneno yenyewe! Fungua logi ya mashine yoyote utakuta mistari ya aina hii: imeshindwa, -28. Nani ameshindwa? Kufanya nini? Kwa faili gani? Aliyeandika anajua -28 ni nini, au alijua siku ile. Anayeisoma ni mtu aliyesimama mbele ya kisanduku kilichofungwa ukutani, saa mbili usiku, na fomu za siku nzima mkononi. Daftari letu la shamba, hata la mwanafunzi dhaifu, lina tarehe, kitalu, umri wa mmea na kilichoonekana. Ukiandika “kuna shida, 28” msimamizi anakurudishia daftari.

Kuna pia wale wanaodhani logi ni kitu kisicho na hatari, andika chochote humo. Desemba 2021 dunia ilifundishwa kinyume chake na Log4j, maktaba huria ya kuandikia logi kwenye programu za Java. Ilikuwa na tabia ya kusoma maneno inayoyaandika na kutekeleza maagizo yaliyofichwa ndani yake. Mtu wa nje akiingiza maneno fulani mahali popote yatakapoandikwa kwenye logi, anaweza kuifanya seva ipakue na kuendesha msimbo wake. Udhaifu huo ulipewa alama 10 juu ya 10. Java iko kila mahali, hata DHIS2 inayokusanya takwimu za zoni zetu za afya imeandikwa kwa Java. Sisemi kwamba kwetu kulitokea kitu. Nasema tu kwamba daftari la makosa ni sehemu ya programu kama sehemu nyingine, nalo linataka mtu wa kulifikiria.

Wengine mtaniambia: yaya, hawa wanafanya kazi bure, unawadai nini? Ni hoja nzito na sina jibu safi. Hakuna aliyemlipa mudogo kwa siku zake nne. Yule wa maneno mawili kwenye historia naye labda hakulipwa. Lakini sifa ni malipo, na sisi njo tunazigawa. Mimi niliweka makofi kwa namba, 14 kuwa 0, bila kufungua kiraka. Mkubwa wa mradi alikata siku tatu za yule mama kwa namba, baiti 0, bila kwenda kijijini. Sioni tofauti kubwa kati yetu wawili, na hilo linanisumbua kuliko msimbo wenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikaa na mudogo chini ya mwembe, tukayapitia maonyo 14 tena. Tisa alikuwa ameyatibu vizuri: majina yasiyotumika, tarakimu zilizolinganishwa vibaya, vitu vya namna hiyo. Matatu hatukuelewa, akayarudisha kama yalivyokuwa, na akaandika pembeni kwamba hayaelewi. Hapo nilimpigia makofi ya kweli. Yalibaki mawili ya write().

Yule mama alipita, tulikuwa tumemwalika. Nilikuwa nimekwisha kumwomba msamaha tangu nilipojua ukweli. Alinisikiliza, akasema tu, “Sawa, papa,” na mkataba haukurudi. Siku hiyo alikaa akatuangalia muda, kisha akauliza: “Sasa hiyo programu, diski ikijala tena, itasema nini?”

Mudogo akamwonyesha. Alikuwa ameandika: write imeshindwa, kisha namba.

“Mi sijue write ni nani,” mama akasema. “Aseme ni fomu gani. Aseme haikuingia. Na aambie telefone isifute.”

Tukaandika hivyo. Programu sasa inaangalia jibu, ikishindwa haitumi “sawa”, na kwenye logi inaacha mstari mmoja wenye jina la fomu, sababu kwa maneno, na telefone iliyoituma. Mudogo aliuweka kwa Kiingereza kwa ajili ya mradi, na kwa Kifaransa na Kiswahili kwenye nakala yetu ya hapa. Maneno ya Kiswahili aliyachagua mama. Kiraka cha pili kilitumwa Jumapili usiku, na ndani yake maonyo yamepanda kutoka 0 kuwa 3. Msimamizi bado hajajibu.